SOMO YA MIFUGO: Dume hazalishi? Usilaumu majike, na usikimbilie sindano



Kuko ulizo moja lenye wafugaji wanapenda kuuliza: «Tuko na dume, anapanda muzuri, lakini majike hawabebi mimba. Shida iko wapi?» Wengine wanasema juu ya mbwa dume mwenye kuchunga zizi. Wengine wanasema juu ya mbuzi dume wa koperative, mwenye wamama wote wa kikundi wanamungojea. Na siku hizi kuko ulizo la pili: «Ni kweli kama inje kuko matibabu ya chembe-mama yenye inaweza kurudisha uzazi wa mbwa dume? Inaweza kufika kwetu?»

Somo hii inajibu maulizo yote mbili. Soma mu kikundi. Mwenye anajua kusoma asomee wengine. Mwisho kuko maulizo ya kuzungumuzia pamoja. Na kama utasahau mambo mengine yote, shika hesabu mbili tu: siku 21 na miezi 2 na nusu. Tutaona namna gani hesabu hizo zinaweza kuokoa musimu muzima wa uzazi.

1. KUPANDA NA KUZALISHA NI MAMBO MAWILI

Makende ya dume yana kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutengeneza homoni ya kiume. Ile homoni ndiyo inaleta nguvu, kichwa kigumu, harufu ya mbuzi dume na hamu ya kupanda. Kazi ya pili ni kutengeneza mbegu za kiume, zenye zinakutana na yai la jike na kuleta mimba.

Kazi hizo mbili zinafanywa na chembe tofauti, zenye kukaa fasi tofauti ndani ya kende. Kwa hiyo kazi moja inaweza kufa na ingine ikaendelea.

Angalia mufano huu. Kuko mbwa dume mwenye makende yake yote mbili ilibakia ndani ya tumbo, haikushuka mu mufuko wake. Joto la tumbo linazuia mbegu kutengenezwa. Lakini homoni inaendelea kutoka. Mbwa huyo anapigana na wengine, anafuata majike, anapanda, anafungana na jike sawa mbwa wote. Mwenyewe anasema: «Huyu ni dume kweli.» Lakini hana hata mbegu moja ya kuzalisha.

Basi, kuona dume anapanda haiko alama ya kama anazalisha. Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanaona dume anafanya kazi yake, majike hawazai, wanakata shauri kama majike ni tasa. Jike muzuri anauzishwa ku soko kwa bei ya nyama, na dume mwenye shida anabakia mu zizi kuharibu musimu mwingine.

2. CHEMBE-MAMA NI NINI?

Kila mwili umejengwa na chembe ndogo sana, zenye jicho haliwezi kuona bila mikroskopu. Chembe nyingi zina kazi moja tu: ya damu ni ya damu, ya ngozi ni ya ngozi. Lakini kuko chembe za namna ya pekee, zenye kazi yao ni kuzaa chembe zingine. Sisi tunaziita chembe-mama. Watu wa maabara wanaziita seli shina.

Ili kuelewa, fikiria shina la mugomba wa ndizi. Unakata mugomba wenye umekwisha kutoa kitunda chake, lakini shina linabakia mu udongo na linatoa machipukizi. Chipukizi moja linakuwa mugomba, linatoa ndizi, unakata tena. Shina linaendelea miaka na miaka. Upepo ukiangusha migomba yote mu dhoruba, unangojea: shina liko muzima, litachipuka. Lakini ugonjwa wa kunyauka ukiingia na kuoza shina lenyewe, hata uweke mbolea gani, hautapata kitu. Inaomba kungoa na kupanda shina lingine.

Ndani ya kende ni vile vile. Chembe-mama zinakaa pembeni ya mirija midogo sana yenye kujikunja. Chembe-mama ikijigawanya, sehemu ingine inabakia kuwa chembe-mama, na sehemu ingine inaanza safari ya kuwa mbegu. Safari hiyo inachukua karibu siku 62 kwa mbwa na karibu siku 48 kwa mbuzi. Kisha mbegu zinapita mu murija murefu wenye uko inje ya kende, zinakomaa humo karibu juma mbili. Ukijumulisha, kwa mbwa ni miezi 2 na nusu. Kwa mbuzi ni miezi 2.

Shika neno hili: mbegu yenye dume anatoa leo ilianza kutengenezwa zaidi ya miezi 2 iliyopita. Kwa hiyo homa ya leo itaonekana mu mbegu za majuma yenye kuja, hata kama dume amekwisha kupona. Na chakula kizuri cha leo kitaonekana mu mbegu kisha miezi 2, hapana kesho.

Sasa tunaweza kuelewa kama dume mwenye hazalishi anaweza kuwa na moja ya shida hizi tatu:

Ya kwanza: mbegu zimeharibika, lakini chembe-mama ziko nzima. Hii ni sawa migomba yenye kuanguka kwa upepo. Dume huyu anaweza kurudia.

Ya pili: chembe-mama zenyewe zimekufa. Hii ni shina lenye kuoza. Dume huyu harudii.

Ya tatu: mbegu zinatengenezwa, lakini njia ya kutokea imefungwa na kidonda cha ndani. Huyu pia ni vigumu sana arudie.

3. NINI INAHARIBU UZAZI WA DUME?

Joto. Makende yanatundikwa inje ya tumbo kwa sababu inaomba ubaridi. Yanapaswa kuwa na joto la chini kuliko mwili kwa digrii 2 mpaka 6. Dume mwenye kufungwa ku jua mwaka muzima bila kivuli, au mwenye alipata homa kali siku kadhaa, anapoteza mbegu. Mara mingi chembe-mama zinaokoka.

Ugonjwa wa mbung'o, yule nzi wa tsetse. Vidudu vyake vinaitwa tripanosoma, na aina moja inabeba jina la inchi yetu: Trypanosoma congolense, yenye iliandikwa mu 1904 hapa Kongo. Vidudu hivi vinapiga mbuzi, ngombe na mbwa pia. Nyama anakonda, damu inapunguka, homa inakuja na kurudi. Mu mbwa, macho yanaweza kuwa meupe sawa ukungu. Makende yanaweza kuvimba, kisha yanapunguka. Ukitibisha mapema, dume anaweza kurudia. Ukichelewa, chembe-mama zinakufa.

Brusela. Huu ni ugonjwa mubaya kuliko yote kwa uzazi. Mu mbuzi unaitwa Brucella melitensis, mu mbwa kuko Brucella canis. Majike wanatupa mimba, mbuzi mara mingi mu miezi 2 ya mwisho, mbwa mara mingi kuanzia siku ya 45. Madume wanavimba kende moja au yote mbili, kisha kende linapunguka na kuwa gumu. Dawa za kuua vijidudu zinaweza kupunguza ugonjwa, lakini vijidudu vinajificha ndani ya mwili na kurudi. Dume mwenye brusela haiko dume wa kuzalisha tena, hata kama anaonekana muzima.

Kende lenye kubakia tumboni. Mtoto wa mbwa, makende yake yanashuka mu majuma 8 ya kwanza. Kama amefikisha miezi 6 na kende halionekani, halitashuka. Mbuzi anapaswa kuzaliwa na makende yamekwisha kushuka. Dume mwenye kende moja anaweza kuzalisha, lakini usimuchague: kosa hili linapita kwa watoto, na kende lenye kubakia tumboni linaweza kuota uvimbe wa kansa.

Kukosa pembe. Hii inashangaza watu, lakini ni kweli kwa mbuzi. Ukipandisha dume mwenye alizaliwa bila pembe juu ya jike mwenye alizaliwa bila pembe, watoto wengine wanazaliwa nusu dume nusu jike, na hawazai. Dume wa koperative achaguliwe mwenye pembe.

Njaa, unene na kazi nyingi. Dume mwenye mifupa inaonekana hana nguvu ya kutengeneza mbegu. Dume munene sana naye ni muvivu. Na dume mudogo akipewa majike wengi siku moja, mbegu zinaisha. Mbuzi dume mukubwa na mwenye afya anatosha kwa majike 25 mpaka 30; mwenye angali mudogo apewe 10 tu.

Sindano ya homoni ya kiume. Watu wanafikiri kama homoni ya kiume inaongeza uzazi. Ni kinyume. Ubongo ukiona homoni ni mingi mu damu, unaambia makende: «Pumzikeni.» Dume anapanda zaidi, lakini mbegu zinapunguka, na anaweza kukaa bila mbegu kwa miezi. Mwenye kuuza anakula feza yako, na wewe unaharibu dume mwenye labda angepona yeye mwenyewe.

4. SAYANSI YA CHEMBE-MAMA IMEFIKA WAPI?

Tujibu sasa lile ulizo la pili, bila kuongeza na bila kupunguza.

Mu 1994, mu chuo kikuu cha Pennsylvania mu Marekani, mutafiti Ralph Brinster na wenzake walitosha chembe-mama mu makende ya panya mumoja, wakaziweka mu makende ya panya mwingine mwenye hakuwa na mbegu. Zile chembe zilishika fasi, zikaanza kazi, na panya yule akazaa watoto wenye walikuwa na damu ya panya wa kwanza. Ni sawa kupanda shina la ndizi la jirani mu shamba lako: ndizi zitakuwa za aina ya jirani.

Mu 2003 watafiti walifaulu kufanya vile na mbuzi.

Mu 2008 ikafika zamu ya mbwa. Watafiti wa chuo kikuu cha Cornell, pia mu Marekani, walichukua mbwa dume 5 wa miezi 5. Kwanza waliua chembe za makende yao kwa mionzi. Kisha wakaingiza chembe kutoka kwa mbwa wengine. Wakangojea mwaka muzima. Kwa mbwa 5, ni mumoja tu alitoa mbegu zenye kutoka kwa mbwa mwingine. Na ndani ya mbegu zake, karibu sehemu moja juu ya tano ndiyo zilikuwa za ule mwingine. Kwa watafiti ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu haijafanyika mbele mu mbwa. Lakini tuhesabu sawa wafugaji: mbwa 5, mwaka 1, maabara kubwa, na mumoja tu amefaulu.

Mu 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Washington State, pamoja na wenzao wa Marekani na Uingereza, walionyesha panya, nguruwe na mbuzi dume wenye walizaliwa bila mbegu zao wenyewe, lakini walikuwa na makende mazima. Wakawawekea chembe-mama za madume wengine, na mbegu zikatengenezwa. Mawazo yao ni ya kusaidia wafugaji wa kesho: dume wa kienyeji mwenye kuzoea jua na magonjwa ya fasi fulani anaweza kubeba mbegu za dume wa aina ya juu. Ni mawazo mazuri, lakini ingali kazi ya maabara.

Basi tunajifunza nini?

Jambo la kwanza: ile kazi yote iko kazi ya kupandikiza. Chembe zinatoka kwa dume mwingine. Dume mwenye kupokea anazaa watoto wa ule mwingine, hapana wake. Kwa mufugaji mwenye anataka watoto wa mbwa wake kwa sababu ni mulinzi hodari, matibabu hayo hayangemupa kile anatafuta.

Jambo la pili: kazi hiyo inaomba makende yenye ndani yake mirija ni mizima. Kama brusela imejaza makovu, hata chembe-mama mupya haina fasi ya kukaa. Hauwezi kupanda shina mupya mu udongo wenye ungali na ugonjwa.

Jambo la tatu: hakuna chupa ya chembe-mama yenye inaweza kukaa ku duka, mu jua, juu ya pikipiki. Chembe hizi ni zenye uhai. Zinakufa upesi zikikosa maabara na ubaridi wake. Muntu akikuonyesha chupa na kukuambia ni chembe-mama za kurudisha uzazi wa dume, mwambie asante na funga mufuko wako.

5. SIKU 21: NAMNA YA KUPIMA DUME BILA MAABARA

Sasa tunafika ku kazi yenye inawezekana kwetu, leo, na daftari na bici.

Mbuzi jike anatafuta dume kila siku 21 hivi. Akibeba mimba, anaacha kutafuta. Kwa hiyo jike mwenye alipandwa, na kisha siku 18 mpaka 24 anaanza tena kulia-lia, kutikisa mukia, kupanda wenzake, na sehemu yake ya uzazi inakuwa nyekundu, huyo hakubeba.

Fanya hivi:

– Paka dume ku kifua udongo mwekundu wenye kuchanganywa na mafuta. Jike mwenye amepandwa atakuwa na alama ku mugongo. Paka tena kila siku mbili.
– Andika mu daftari jina la jike, jina la mwenyewe, na tarehe ya alama.
– Kuanzia siku ya 18, angalia kama jike anarudia kutafuta dume. Andika.

Kisha kamati ihesabu. Kama majike 10 walipandwa na mumoja au wawili wamerudia, hiyo ni kawaida, na angalia wale majike. Kama zaidi ya nusu wamerudia, usiguse majike. Shida iko kwa dume.

Tuone faida. Tuseme koperative iko na majike 20 na dume mumoja mwenye hazalishi. Kamati yenye haiandike tarehe itajua shida wakati wa kuzaa utapita, ni kusema kisha miezi 5. Kamati yenye kuandika itajua mu siku 21, itatafuta dume mwingine, na wamama watapoteza juma tatu tu. Kwa familia yenye inangojea kuuzisha mbuzi ili mutoto aingie masomo mu mwezi wa 9, tofauti ya juma tatu na miezi 5 ni mwaka muzima wa masomo.

Kwa mbwa, siku 21 haitumike, kwa sababu jike wa mbwa anaingia mu joto karibu kila miezi 6. Kosa kubwa kwa mbwa ni siku: watu wanaleta dume wakati damu inaanza kutoka, na ni mapema sana. Mara mingi siku nzuri ni ya 10 mpaka 14 kuanzia damu ya kwanza, wakati damu inakuwa nyepesi na jike mwenyewe anageuza mukia pembeni. Pandisha mara mbili, na siku moja katikati. Kama majike wawili tofauti, wenye walikwisha kuzaa na madume wengine, walipandwa siku nzuri na hakuna mwenye amebeba, hapo una sababu ya kuangalia dume.

Tena, shika makende ya dume mara moja kwa mwezi, pole pole. Yanapaswa kuwa mawili, ya ukubwa mumoja, yenye kuteleza ndani ya mufuko, yenye kusimama kidogo. Kama moja ni moto na limevimba, au limekuwa dogo na gumu sawa jiwe, au laini sana, dume huyo asipande tena mpaka munganga wa wanyama amuone.

6. MIEZI 2 NA NUSU: NAMNA YA KUNGOJEA

Ukijua kama shida iko kwa dume, usimuchinje siku hiyo hiyo, na usinunue sindano. Mupe nafasi ya kuonyesha kama shina lake lingali zima.

Kwanza, jibu ulizo hili: mu zizi au mu muji, kuko majike wenye wametupa mimba? Kende la dume limevimba? Kama ni ndiyo, tenga dume na majike wale, ita munganga wa wanyama, na omba kipimo cha damu cha brusela. Mungojee jibu kabla ya yote mengine.

Kama hakuna alama ya brusela, tibisha ugonjwa wenye unaonekana: mbung'o, kupe, minyoo. Kisha muweke mu kivuli, mupe maji safi kila siku, majani mazuri, na kidogo ya majani ya mikunde au mabaki ya maharagi kwa kujenga mwili. Mbwa apate chakula cha kutosha, hapana maji ya ugali tu. Asipande wakati huo.

Ngojea miezi 2 kwa mbuzi, miezi 2 na nusu kwa mbwa. Wakati huo azima dume wa kikundi kingine mwenye afya na mwenye mumeangalia makende yake. Kisha mupe yule wa kwanza majike 3 au 4 tu, wenye walikwisha kuzaa. Hesabu tena siku 21. Kama wamebeba, dume amerudia: chembe-mama zake zilikuwa nzima. Kama wote wamerudia kutafuta, ongeza miezi 2 mara moja ya mwisho. Kisha hapo ikate shauri.

Dume mwenye hakurudia, ahasiwe na munganga na kunoneshwa kwa nyama, kama haiko mugonjwa. Mbwa anaweza kuendelea kulinda. Haitaji uzazi ili abweke usiku. Lakini dume mwenye brusela usimuuzishe kwa jirani kwa kufuga. Ungekuwa unauzisha ugonjwa, na utarudi kwako kwa mulango wa nyuma, kwa jike wa kwanza mwenye utaazima.

7. NA AFYA YA WATU

Brusela inapita kwa watu. Inaleta homa yenye kwenda na kurudi, jasho la usiku, maumivu ya viungo. Watu wanafikiri ni malaria, wanakunywa dawa, haiishi. Kwa mwanaume inaweza kuvimbisha makende vilevile. Kwa hiyo:

– Usishike mimba yenye kutupwa wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Vaa mufuko wa plastiki ku mikono, kama hauna gants. Mama mwenye mimba asiguse kabisa.
– Zika ndani sana, au choma. Usiache mbwa wale: mbwa anaweza kushika ugonjwa na kuutembeza mu muji.
– Chemsha maziwa mpaka yatokote.
– Kama uko na homa yenye haiishe, mwambie muuguzi wa kituo cha afya kama unafuga mbuzi, na kama kuko wenye wametupa mimba.

MAMBO YA KUSHIKA

Dume kupanda haionyeshi kama anazalisha. Kabla ya kuuzisha jike, hesabu siku 21. Kabla ya kutupa dume, hesabu miezi 2 na nusu. Kende lenye kuvimba na mimba zenye kutupwa ni kazi ya munganga. Chembe-mama ni kweli, na sayansi yake inaendelea, lakini haiuzishwe ku soko. Zile zenye dume wako alizaliwa nazo ndizo anazo, chunga zile.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZIA MU KIKUNDI

1. Mu mwaka uliopita, ni majike wangapi wa kikundi chetu waliuzishwa kwa sababu ni «tasa»? Walipandwa na dume gani?
2. Nani atachunga daftari la tarehe, na nani atapaka dume udongo kila siku mbili?
3. Dume wetu anafungwa wapi saa sita ya mchana? Iko kivuli na maji?
4. Kama dume wetu akikosa kuzalisha kesho, ni kikundi gani cha jirani tunaweza kuazima dume? Tumekwisha kusikilizana nacho?
5. Mimba ikitupwa usiku huu kwa mumoja wetu, tutafanya nini mbele ya mbwa kufika?